Namna tunavyopuliza dawa shambani tangu mkono wa baba uanze kutetemeka

Mkono wa kulia wa baba mkwe ulianza kutetemeka akiwa ameketi tu, hana analofanya. Kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama mtu anayehesabu noti. Akiunyoosha kuchukua kikombe, mtetemo unatulia. Akiurudisha pajani, unaanza upya. Tukasema ni uzee. Jirani akasema karogwa. Ikapita miaka mitatu hivi, mpaka Shija, binti yetu anayesomea uuguzi, alipokuja likizo akamtazama babu yake akitembea uani: mkono mmoja unapunga, mwingine umeganda ubavuni kama umebandikwa. Jioni akanivuta nyuma ya jiko. "Mama, huu si uzee. Babu apelekwe hospitali."

Ni Parkinson. Jina limetokana na daktari wa London, James Parkinson, aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1817.

Daktari aliuliza kazi aliyofanya mzee. Mume wangu akajibu: pamba Igunga, halafu tumbaku huku Urambo, Tabora, miaka yote hiyo bomba liko mgongoni. Daktari akaandika, hakusema dawa ndizo zilizomfikisha hapo, na mimi sitasema. Hakuna kipimo cha kuonyesha kwamba huyu kaugua kwa dawa na yule kwa umri au kwa urithi wa ukoo. Ila ukiwatazama watu wengi kwa pamoja mambo yanajionyesha. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wapulizaji na wakulima wa Iowa na North Carolina walitoa majibu: waliowahi kutumia parakwati, dawa ya kuua magugu, au rotenoni, dawa ya kuua wadudu, walikuwa na Parkinson kwa kiwango cha mara mbili na nusu hivi kuliko wasiotumia. Mwaka uliofuata Ufaransa ikauingiza ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kazini kwa wakulima waliofanya kazi na viuatilifu.

Mimi ni mama Kulwa. Tuna tumbaku, mahindi na karanga nje kidogo ya Urambo mjini. Nilipotafuta maelekezo ya kujikinga, kila mahali nilikuta picha ileile: mtu kavaa mavazi meupe toka utosini hadi kisiginoni, utadhani anakwenda mwezini. Hebu mvalishe mtu wa Urambo vazi hilo mwezi wa kumi, jua la saa sita, uone kama hatalivua nusu ya tuta la kwanza. Kwa hiyo naandika tunavyofanya sisi, kwa vitu tulivyo navyo.

Kwanza ujue kinachoungua

Aliyewahi kukesha kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, atanielewa haraka. Tanuru liko nje, moto unapita ndani kwenye mabomba, majani yanakauka taratibu. Ukiziba tundu la hewa, moto unazimika na tumbaku inageuka nyeusi. Ukiacha cheche zifike kwenye majani makavu, bani zima linakwenda.

Kila seli ya mwili ina matanuru yake madogo ndani, yanaitwa mitokondria, ndiyo yanayoipa nguvu. Rotenoni inaziba tundu la hewa. Parakwati inarusha cheche, na ubaya wake haiishi kwa kurusha moja: ikisharusha inajirudi ilivyokuwa na kurusha nyingine. Sasa katikati ya ubongo, chini, kuna kiraka cheusi chenye seli zinazotengeneza dopamini, kitu kinachofanya mwili utembee kwa ulaini. Seli hizo zina kazi nzito kupita kiasi. Moja ina matawi yanayogusa vituo laki na zaidi, na matanuru yake hayapumziki mchana wala usiku. Ndiyo maana zinaungua mapema kuliko jirani zake. Mkono unapoanza kutetemeka, nusu ya seli hizo au zaidi zimeshakwenda, na zilizokwenda hazioti tena kama maotea ya tumbaku.

Jambo hili lilijulikana kwa ajali. Mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya waliganda ghafla, hawawezi kusema wala kusogea, kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake wakafuatilia, wakakuta uchafu uliokuwa ndani ya ile dawa. Uchafu huo ukiingia ubongoni unageuka kuwa kitu kinachofanana sana kwa umbo na parakwati. Mwaka 2000 wengine wakawapa panya rotenoni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, panya wakaanza kutetemeka na kukakamaa.

Hakuna kidonge cha kumeza asubuhi ili kuzikinga seli hizi. Kinga iko kwenye ngozi, puani na mdomoni, kabla sumu haijaingia.

Dukani

Usinunue dawa ya kupima. Najua ni rahisi: unakwenda na chupa ya maji, muuzaji anakumiminia za elfu mbili. Lakini hapo umenunua kitu kisicho na jina. Nikiwa sina hela ya chupa nzima, naungana na wenzangu wawili, tunanunua chupa moja yenye lakiri na tunapuliza siku moja.

Kwenye lebo, lile jina kubwa la biashara halikusaidii. Tafuta jina la sumu yenyewe, mara nyingi liko chini kwa herufi za kukufanya uazime miwani. Ukikuta parakwati au rotenoni, muulize muuzaji kama kuna nyingine ya kazi hiyo hiyo. Kwa magugu ya karanga sisi tumerudi kwenye jembe la mkono, na sitakudanganya kwamba mgongo haulalamiki. Kisha angalia utepe wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kabisa, inafuata njano, halafu bluu, halafu kijani. Kijani maana yake si maji ya kunywa. Na angalia namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile TPHPA ya Arusha. Chupa isiyo na namba, au yenye maandishi ya lugha usiyoijua, irudishe kwenye rafu.

Dakika tano za kuchanganya

Zamani nilidhani hatari iko kwenye ule ukungu unaotoka kwenye bomba. Ukungu una hatari yake, lakini fanya hesabu hii. Bomba letu ni la lita 16. Dawa tuliyotumia msimu uliopita ilitaka mililita 40 kwa bomba. Maana yake kilichomo kwenye chupa ni kikali mara 400 kuliko kilichomo kwenye bomba. Tone moja likikudondokea mkononi wakati wa kupima ni sawa na matone 400 ya kule shambani. Na wakati wa kupima ndio wakati watu hawavai chochote, kwa sababu "bado sijaanza kupuliza."

Baba mkwe alikuwa anakoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Anasema mwenyewe, bila aibu, kwa sauti yake iliyobaki ndogo: "Tulikuwa tunaona ndiyo uanaume."

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye glavu. Si za ngozi, si za kitambaa. Hizo zinanywa dawa na kuishikilia kwenye kiganja siku nzima, afadhali mkono mtupu unaoweza kunawa. Zile nyembamba za hospitali zinachanika ukishika tu kifuniko. Nunua ndefu, za mpira mzito au za naitraili, zinazopita kifundo cha mkono. Kabla ya kuvaa, zijaze maji na uzikamue uone kama zinavuja. Glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Kwa nini nasisitiza glavu kuliko barakoa au miwani? Wale wakulima wa Iowa na North Carolina waliangaliwa tena, majibu yakatoka mwaka 2015. Miongoni mwa wasiovaa glavu, waliotumia parakwati au permethrini, dawa nyingine ya wadudu, walikuwa na Parkinson takriban mara nne kuliko wenzao. Miongoni mwa waliovaa, ongezeko hilo halikuonekana. Nilipoambiwa na Shija nilimfanya arudie. Kwa rotenoni, ongezeko lilionekana kwa wale waliokuwa hawazingatii usafi, yaani kunawa, kuoga, kubadili nguo. Vitu vya ndoo na sabuni.

Tunavyochanganya sisi ni hivi. Bomba liko chini, juu ya udongo mgumu, mbali na kisima na mbali na njia ya mbuzi. Ninasimama upepo ukinipiga mgongoni au ubavuni. Maji yanaingia kwanza, nusu ya bomba. Kikombe cha kupimia ninakiweka chini kwenye kipande cha ubao na kuchuchumaa, siinui chupa usawa wa uso, maana dawa ikiruka inaruka machoni. Nikishamimina ninasuuza kikombe, na maji ya kusuuzia yanaingia bombani. Ninakoroga kwa kijiti cha mpera ambacho hakina kazi nyingine duniani. Kisha maji mengine mpaka kwenye alama. Ninafunga kifuniko na kufuta bomba lote kwa nje.

Glavu zinanawishwa kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo zivuliwe. Ukizivua chafu, vidole ulivyovilinda asubuhi nzima unavipaka dawa wakati wa kuvua.

Suruali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipokuwa tunaumia bila kujua.

Bomba la mgongoni linavuja. Sijaona lisilovuja likishafika msimu wa pili. Washa ya kifuniko, ile pete ya kuzuia kuvuja, inakakamaa, mpira unachanika pale unapounganika na tanki, na kila unapoinama tone linashuka mgongoni. Linafuata uti wa mgongo, linafika kiunoni, linaingia kwenye suruali. Mtu anatoka shambani suruali imelowa makalioni, anasema ni jasho.

Ngozi ya mwili si sawa kila mahali. Ile ngozi ya sehemu za siri za mwanamume inafyonza sumu karibu mara 12 kuliko ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Watafiti walipima kwa dawa ya jamii ileile ya wadudu tunayopuliza. Jambo hili Shija hakuweza kumwambia baba yake, na mimi simlaumu. Aliniambia mimi. Nikamwambia mume wangu usiku, taa imezimwa. Hakujibu kitu. Asubuhi nilimkuta uani na bisibisi, bomba limefunguliwa lote vipande juu ya gunia, anabadilisha washa kabla hata ya kunywa chai.

Fanya hivi kabla ya kila msimu, na kila unapolitoa bomba ghalani. Lijaze maji matupu, livae, pampu mpaka mpini uwe mzito, tembea hatua hamsini ukiwa na shati kavu. Vua shati, litazame mgongoni. Likiwa na alama ya maji, hapo ndipo dawa ingekuwa. Badilisha washa, kaza viungo, ukiona ufa kwenye tanki usizibe kwa nailoni iliyoyeyushwa. Hilo bomba limekwisha. Hata likiwa zima, sisi tunaning'iniza kipande cha nailoni nene mgongoni, kati ya bomba na shati, kinashuka hadi chini ya makalio. Tulikata kwenye ile nailoni ya kufunikia, mpya, ikashonewa kamba mbili za mabegani. Kulwa anasema anafanana na mchinja ng'ombe aliyegeuza aproni. Anafanana kweli, lakini suruali yake inarudi kavu.

Suruali iwe nje ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo buti linakuwa bakuli. Mikono ya shati vilevile: ukipuliza chini kwenye mahindi madogo, mkono wa shati ufunike glavu, ukipuliza juu, glavu ifunike shati. Nguo nene ya pamba yenye mikono mirefu inatosha kwa dawa nyingi. Ikilowa dawa, unavua hapo hapo na kunawa, hata kama zimebaki tuta mbili. Zile tuta mbili zimewaponza wengi.

Shambani kwenyewe

Tunaanza saa 12 na nusu asubuhi, saa 3 tumemaliza. Joto likizidi huwezi kuvumilia glavu, na jasho linaisaidia dawa kupenya. Upepo ukiwa unatikisa matawi madogo ya miti hatupulizi. Tunatembea upepo ukitokea ubavuni, tunaanzia upande ule ambako upepo unakwenda, ili kila tuta unaloingia liwe kavu.

Nozeli ikiziba, usiweke mdomoni. Nimewaona vijana wa vibarua wakipuliza nozeli kama filimbi. Ifungue, isuuze, pitisha unyasi laini au mswaki wa zamani. Baba mkwe amepuliza nozeli kwa mdomo miaka zaidi ya ishirini.

Na mfukoni kusiwe na kitu: si simu, si sigara, si matobolwa ya viazi. Njaa ya saa 2 asubuhi ni kali, najua. Kula kabla ya kutoka, au nawa kwanza kwa sabuni. Kitambaa ulichojifunga mdomoni hakizuii mvuke wa dawa. Kikilowa ndiyo unaivuta dawa yenyewe. Lebo ikitaka barakoa yenye kichujio na wewe huna, hiyo dawa si ya kwako.

Nguo zinaponifikia mimi

Hatari hii haiandikwi sana, pengine kwa sababu anayeandika hafui. Kwa miaka mingi nilifua suruali ya kupulizia kwenye beseni moja na nepi za mapacha. Mikono mitupu, nasugua pale penye doa, maana ndipo palipochafuka zaidi. Yaani mume wangu alipuliza asubuhi, mimi nikapokea jioni.

Siku hizi nguo za dawa zina ndoo yake, imepakwa rangi nyekundu. Mpulizaji anavua nje, kwenye bafu la nyasi, anaziweka mwenyewe kwenye ndoo na kuoga, kichwa na kucha pia, kabla ya kumpakata mtoto yeyote. Ninazifua siku hiyo hiyo, nimevaa glavu. Naanza kuzisuuza kwa maji mengi, nasugua kwa sabuni, nasuuza mara mbili, naanika juani peke yake. Maji yanamwagwa kwenye ardhi kavu, mbali na kisima na bustani ya mchicha. Nguo iliyomwagikiwa dawa ya chupa, ile isiyochanganywa na maji, haifuliwi. Tunaichimbia.

Na dawa yenyewe haikai ndani. Kwetu ilikuwa inakaa uvunguni mwa kitanda, kwa hofu ya wezi. Tunalala juu yake, tunavuta harufu yake usiku kucha. Sasa ina sanduku la mbao lenye kufuli, limetundikwa ghalani juu ya urefu wa mtoto. Dawa haihamishwi kutoka chupa yake. Parakwati haina dawa ya kuitengua, na funda moja linaua mtu mzima. Imeua watoto walioikuta kwenye chupa ya soda. Chupa ikiisha tunaisuuza mara tatu, maji yake yanaingia bombani, halafu tunaitoboa kwa msumari ili pasitokee mtu wa kuja kuomba chombo cha mafuta ya taa.

Utupa nao

Kuna ushauri unazunguka kwamba tuache dawa za dukani tutumie utupa, kwa sababu ni mti wa asili. Unatwanga majani, unaloweka usiku, unachuja, unapuliza. Nami niliupanda pembeni mwa mahindi, nikajisifu.

Utupa una rotenoni, ileile ya panya wa mwaka 2000. Ndiyo maana kule mto Malagarasi na ziwani Kigoma watu wameutumia tangu enzi kuvulia samaki, jambo ambalo sheria inalikataza: unaponda, unatupa majini, samaki wanaibuka juu wanahema. Wanahema kwa sababu matanuru yamezibwa hewa. Sisemi utupa ni sawa na chupa ya dukani. Juani rotenoni inaharibika mapema, na ndani ya jani si nyingi kama ilivyokuwa kwenye dawa za kiwandani. Lakini nilikuwa nautwanga kwenye kinu cha kisamvu, mikono mitupu, vumbi linanipanda puani, huku nikimkaripia Doto avae glavu. Sasa utupa nautendea kama sumu: glavu, kinu chake, ndoo yake. Asili nayo hutengeneza sumu, na nikotini ya tumbaku yetu ni ushahidi.

Kilichotusaidia zaidi ni kupuliza mara chache. Tulikuwa tunapuliza kwa kalenda, kila Jumamosi ya pili, hata kama hakuna mdudu. Sasa Doto anapita shambani mara mbili kwa wiki, anakata kona kama mlevi, anachungulia miche mitano hapa, mitano pale. Viwavijeshi vamizi kwenye mahindi anaviponda vikiwa bado mayai, au anatia mchanga kwenye moyo wa mche. Msimu uliopita mahindi yalipulizwa mara moja tu. Na ghalani tumeachana na dawa ya unga. Tunaweka mahindi makavu kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, tunabana hewa yote, dumuzi anakufa kwa kukosa pumzi. Mfuko ni ghali kuliko kiroba, lakini unatumika misimu miwili, mitatu, na ugali hauna harufu.

Visivyosaidia

Maziwa. Kila mtu hapa akimaliza kupuliza anatafuta glasi ya maziwa "kukata sumu." Maziwa hayaondoi kilichopita kwenye ngozi, na kwa baadhi ya dawa mafuta yanaweza kuharakisha. Kunywa kama unayapenda.

Sigara. Wazee wa chama chetu cha ushirika hunichekesha na hii: wamesikia kwamba wavutaji hupata Parkinson kidogo. Ni kweli imeonekana hivyo. Lakini wagonjwa walipopewa nikotini ya kubandika kwenye ngozi kama jaribio, ugonjwa haukupungua kasi, na mapafu yako hayatakusubiri ujue sababu. Vitamini E nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa, haikuuzuia. Wanywaji wa kahawa na watu wanaofanya mazoezi wameonekana kuugua kidogo zaidi. Kwa hiyo kahawa ya Kigoma mimi nainywa, ila sivui glavu kwa sababu yake. Kuhusu upupu, ule mharage wa kuwasha, kweli mbegu zake zina levodopa, dawa ileile anayopewa baba. Lakini kwenye mbegu huwezi kujua umemeza kiasi gani. Mgonjwa wako asipewe kienyeji.

Ukiona haya

Mtu akitoka kupuliza akaanza kutokwa mate na jasho jingi, kichwa kinauma, macho hayaoni vizuri na mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, usimpe dawa ya malaria mkasubiri kesho. Mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi, jicho lisafishwe kwa maji yanayotiririka dakika 15, asitapishwe, apelekwe hospitali na chupa yenye lebo iende naye. Vaa glavu unapomshika.

Huo ni wa siku moja. Ule wa miaka mingi unakuja kimyakimya, na mtetemo si dalili ya kwanza. Baba alikuwa haoni harufu miaka mingi kabla. Maharage yaliungua yeye ameketi mlangoni mwa jiko, hakugeuka. Choo kilikuwa kigumu. Usiku alikuwa anarusha mateke na kupigana ndotoni hadi mama akahamia kitanda cha pili. Na saini yake: kila mwaka alisaini daftari la chama akipokea malipo ya tumbaku. Siku moja karani alifungua madaftari ya nyuma kutafuta kitu kingine, tukaona. Mwanzo saini inajaza mstari, mkia wake unaruka juu. Mwaka hadi mwaka inasinyaa, mpaka ikawa kama sisimizi aliyelala. Mzee wako akiwa hivyo usingoje mkono utetemeke. Mpeleke hospitali ya mkoa, na ueleze kwamba alikuwa mpulizaji, maana wasipouliza hakuna atakayeandika.

Baba anatumia levodopa. Inampa mwendo, haizirudishi seli. Anaimeza nusu saa kabla ya chakula, maana nyama na maharage vinashindana nayo kuingia mwilini. Ikishashika, anatoka na fimbo yake kwenda pale tunapochanganyia dawa, anakaa upande upepo unakotoka, mbali, juu ya debe lililopinduliwa. Sauti yake haifiki hata nusu ya uwanja sasa. Wiki iliyopita Kulwa alichukua chupa na kuanza kuifungua mikono mitupu, haraka zake. Mzee akagonga debe kwa fimbo mara mbili, ko! ko! Kulwa akaiweka chupa chini, akarudi ndani kufuata glavu.